Chuma Mwilini, Ukili Mkononi

Kipungani,
Lamu.
12 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Mahdi,

Assalamu alaykum. U hali gani huko Maskati, wewe na Shifaa na watoto? Kifua chako kimepoa? Sisi twamshukuru Mungu, ila nina la kukueleza, nawe usinicheke. Bakr asafiri kesho, ndiye atakayekuletea barua hii.

Ule uchungu wa ubavuni ulinipeleka Mombasa mwezi uliopita. Kabla ya picha ya MRI walinivua kipini na bangili, eti madini hayaingii mle, kisha wao wenyewe wakanitia chuma mshipani. Daktari Jerioth alisema ni chembechembe ndogo mno, hazionekani kwa jicho. Ini lisilo na ugonjwa huzimeza likawa jeusi pichani, palipougua hubaki peupe. Langu lilikuwa jeusi, ila doa moja jeupe, kama punje ya mchele.

Sasa lile jingine. Tangu mama afariki, kila nikisuka ukili wa mkeka baada ya alasiri, ncha ya pili huvutwa kidogo, kama alivyokuwa akivuta yeye nikiregeza mkono. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naona raha, Mahdi.

Niliporudi na chuma kile mwilini, ukili ulitulia. Wiki tatu. Nikalia, nikamweleza Khalati Swafiya, maana yeye ni nduguye mama, naye hakushangaa. Wakumbuka kisu ambacho mama alikuwa akikiweka chini ya mto wa kila mtoto mchanga, ili wasioonekana wasimsogelee.

"Umemfungia mamako ndia, mwanangu," akaniambia, yaani chuma kile kimemzuia asinijie.

Lakini chuma hicho hakikai. Daktari alisema mwili hukitumia kidogo kidogo kutengeneza damu. Jumapili ukili ukavutwa tena, nikafurahi, kisha furaha ikaniisha. Haukuwa mvuto wa kunikosoa. Ulinitoka mkononi wote, ukaburuzika hadi kizingitini, upande wa makaburini. Jana nilikaza mkono, nikaburutwa mimi.

Jumatatu madaktari wataka kunipiga picha ya pili, wajue kama doa limekua, kabla ya kunipasua. Khalati asema nisitiwe chuma tena, nisimfungie mama. Mimi nakwenda, wanitie. Nampenda mama, wallahi, lakini sijawa tayari kumfuata. Niombee dua, na ukiweza uje.

Khalati na Bi Tima wakusalimu sana. Nibusie watoto. Mola awafunike nyote kwa rehema zake.

Barua hii nimeiandika na kile kisu cha mama mapajani.

Wako akupendaye,
dadako Thuwaiba