Nimempamba Bibi Harusi Nikiwa na Uso Mtupu

Jumapili. Tangu asubuhi mawingu yameshuka kutoka Uluguru hadi huku kwetu Bigwa, na mvua inanyesha kidogo kidogo. Uso unanivuta kama nimepakwa utomvu ukakaukia hapo. Ila moyo umetulia.

Jana nimetobolewa uso kwa visindano.

Mimi ni mpambaji wa maharusi, na nina saluni ya kusuka nywele. Nyuso za watu ndiyo kazi yangu, na wangu mwenyewe umejaa mashimo ya chunusi tangu usichana. Miaka yote nimeyafunika kwa fondesheni. Hata dukani kununua chumvi siendi bila kujipaka. Nimechoka kuamka na kujificha kabla sijanywa chai.

Daktari wa ngozi pale mjini hakunidanganya. Alisema visindano vinaiamsha ngozi ijijenge upya, makovu yatapungua lakini hayataisha yote, na itabidi nirudi tena na tena. Akasisitiza kwamba sitakuwa mweupe, maana wengi humwendea kwa hilo. Akanipaka dawa ya ganzi, kisha kile kikalamu chenye visindano kikaanza kutembea mashavuni. Kilipofika kwenye paji la uso, machozi yakanitoka. Mwisho akanikataza vipodozi kwa siku kadhaa, na jua pia.

Nilijipangia kukaa ndani. Jioni hiyo hiyo simu ikaita. Mwanaidi wa Kihonda, ambaye ndoa yake ilikuwa iwe wiki ijayo, anaolewa leo kwa sababu mume kapangiwa safari ya kazi. Nilishamwahidi kwamba nitampamba mimi, si mwingine.

Asubuhi nikasimama mbele ya kioo, chupa ya fondesheni mkononi. Uso umevimba, umeiva, una vidoti vya damu iliyokauka. Nikaifungua ile chupa.

Nikaifunga.

Nikajitanda mtandio, nikaenda.

Aliyenipokea ni shangazi yake Mwanaidi. Nikamwamkia, akaitikia huku akinikagua, kisha akawageukia wenzake. "Huyu ndiye atakayempamba mtoto wetu? Kwani yeye kafanywa nini?"

Wote wakageuka kunitazama.

"Shangazi, jana nimetibiwa makovu," nikamwambia. "Uso ndio unaouma, mikono haina shida. Naomba nianze kazi."

Sauti haikutetemeka. Nilijishangaa mwenyewe.

Mwanaidi alikuwa ameshakaa kitini. "Anza, dada," akasema, akafumba macho.

Nilipokuwa namchora nyusi, nyuso zetu zikiwa karibu kugusana, aliniuliza taratibu kama inauma sana. Nikamjibu kwamba inauma, na nitarudia. Akaanza kucheka, nikamwomba atulie nisije nikamharibia wanja.

Alipotoka, vigelegele vilifika barabarani. Shangazi hakuniomba radhi. Aliniletea sahani ya pilau pale nilipokuwa nasafisha brashi, akaiweka, akaondoka.

Sasa niko nyumbani, uso unawasha na siruhusiwi kujikuna. Sijui makovu yatapungua kiasi gani. Huenda kidogo tu. Lakini leo watu wamenitazama nikiwa sina hata poda, na bibi harusi wangu katoka amependeza.

Siahirishi matibabu, na sijifungii ndani. Kesho nafungua saluni. Atakayeniuliza uso umefanya nini nitamweleza, kisha nitamuuliza anataka kusuka mtindo gani.