Nyasi za Ngitili

Geita, Jumapili baada ya misa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika mwisho, na leo nataka nifike.

Mdogo wangu Dorika ameniambia unamsimulia jirani yetu, Mzee Selestine, kwamba kila aliyesoma uchumi hukaa benki, nyuma ya kioo. Baba, tuliohitimu pamoja tumetawanyika. Paschal yuko benki kweli, lakini Asteria ni ofisa mipango Ushetu, na Luka anafuatilia soko la dagaa Nkome. Mimi, kama ujuavyo, niliajiriwa na kampuni inayothamini ardhi itakayochukuliwa na mgodi, ili wenyewe wafidiwe.

Juzi tulifika kwa mama mmoja mjane. Nyuma ya nyumba yake kuna eneo lililozungushiwa miiba, nyasi zimefika kiunoni, ng'ombe hata mmoja hayumo. Mkuu wangu, Bwana Benjamini, akasema liandikwe pori lisilotumika. Nikamweleza kuwa hiyo ni ngitili, nyasi hufungiwa masika ili mifugo ile kiangazi. Akacheka, akasema ardhi iliyolala haina thamani. Nilikasirika, Baba. Nilikumbuka ule mwaka wa ukame, ng'ombe wa wenzetu wakianguka njiani, wetu wakila nyasi ulizotukataza hata kuzikanyaga. Kama hiyo si akiba, basi chuoni nilipoteza muda.

Akaniambia nitie sahihi au nirudishe kofia ya kampuni. Nimeirudisha.

Ndiyo, sina kazi, na najua umeshatangaza kanisani sherehe ya kuajiriwa kwangu. Najua pia, maana Dorika hafichi neno, kwamba unataka kufungua ngitili yetu kabla ya wakati ili fahali wa sherehe yangu anenepe. Sherehe haipo tena. Wanakijiji wa huku kwa yule mjane wameniomba niwaandikie pingamizi, nami nimekubali; nalala kwa yule mama na kula kwake. Alhamisi mthamini wa wilaya atatusikiliza, kisha anataka kuona ngitili iliyotunzwa miaka mingi. Nimemwahidi ya baba yangu.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho. Msalimie Mama, na Mzee Selestine mpe pole yangu kwa pilau alilokwisha kulitamani. Fahali arudi kwa wenzake. Nakuomba, Baba, tukija tuukute mlango wa miiba umefungwa.

Binti yako,
Lukresia Maganga