Msalaba wa Wafanyakazi wa Pamba

Kasenga, Jumanne

Na miye nilizania ile alama ni uchafu wa mashine.

Ile ordinateri, kompyuta kubwa ya zamani ya kiwanda cha pamba, ilikuwa na kodi zake yenyewe, namba inayosimamia kila herufi. Kazi yangu ni kuonyesha kila kodi ni herufi gani ya Unicode, mfumo wa herufi wa kompyuta za leo, kisha tuisajilishe, ili majina ya wafanyakazi wa zamani yasomeke tena. Kodi moja tu ilinishinda. Ilikuwa inafuata majina mengi bila maana yoyote. Nikaifuta kila mahali.

Leo nikamuuliza Mama Noella, aliyekuwa akichapa majina kwenye mashine ile.

"Ile iko musalaba," akasema. "Mashine haikuwa nao, tukajitengenezea. Mufanyakazi akikufa, tulimuwekea musalaba. Jina la mufu halifutwi."

Kumbe nimefufua wafu wa bonde zima la Ruzizi, hata padri hajui. Nikamuambia kesho ninarudisha misalaba yote, jina kwa jina.

Akaniuliza:

"Na marehemu bwana yangu, naye umemufufua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi weye anza na wengine. Yeye umuweke wa mwisho."