Njia Mbili za Murera

Ruiru, 3 Februari

Shreya,

Hapa tu wazima. Mama anakusalimia kwa sababu bado hajui. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Rafiki yetu Janice ameniambia mjomba wako Viren amekupa ile nafasi moja ya mafunzo kwenye kampuni yake ya intaneti, kwa mpango wa ruta, kile kifaa cha kuuchagulia ujumbe njia, tuliouchora kwetu. "Tuliouchora" ni heshima tu. Wewe ulikuwa unakunywa chai.

Mimi kuongea mbele ya watu siwezi, wewe unaweza. Sikujua hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Firdaus

Thika, 20 Februari

Firdaus wangu,

Sasa? Mguu wa Mama umepona? Usininunie. Ningekutaja, lakini mjomba alikuwa na haraka.

Kuna shida. Zahanati ya Murera inatuma picha za eksirei kwa daktari huku Thika. Zinapitia njia ya Ruiru au ya Theta, ruta inachagua njia yenye nafasi, kama mpango ulivyosema. Lakini Ruiru ikijaa, zote zinahamia Theta. Theta inajaa, zote zinarudi. Hazifiki, na wagonjwa wanangoja kwenye benchi. Nisipotengeneza wiki hii, nafasi anapewa mwingine. Tafadhali.

Dada yako, Shreya

Ruiru, 22 Februari

Shreya,

Tu wazima. Mguu ni wa Baba.

Sehemu hiyo nilikuwa sijaiandika ulipoondoka na karatasi. Lakini siku ya Idd ulikuwa kwetu. Pilau ilikuwa kwenye sufuria mbili, kila moja na foleni yake. Mdogo wangu Ibra akasema foleni ya pili ni tupu, wote mkahama, wewe ukiwa mbele, kisha wote mkarudi. Mama akainua mwiko: "Wahame wa nyuma tu. Wengine simameni hapo hapo." Ulicheka. Ungesikiliza.

Ruta ihamishe ujumbe kidogo, ingoje ione njia zikoje, ndipo ihamishe mwingine. Sikusaidii wewe. Watu wa Murera hawajaniibia kitu.

Firdaus

Thika, 26 Februari

Dada,

Hamjambo huko? Picha zinafika, mjomba anatabasamu. Ila Jumatatu wenye zahanati wanakuja ofisini, niwaeleze kwa nini ujumbe usihame wote pamoja. Mambo ya pilau siwezi kuwaambia watu kama hao. Niandikie kwa maneno ya kitaalamu nikariri. Baadaye nitakutafutia kazi ya kukunja nyaya.

Dada yako, Shreya

Ruiru, 27 Februari

Shreya,

Sisi wazima, na Baba ameanza kutembea. Maneno ya kitaalamu sikutumii. Nimepiga pasi sketi ya shule, ndiyo nzuri niliyo nayo. Jumatatu nitakuja nikae nyuma, nione haya kama kawaida yangu. Wakikuuliza ukakwama, usinitazame. Nitasimama mwenyewe.

Firdaus