Tulificha Jina, Tukaacha Sauti

Somo yangu,

Nianze na lile ambalo lazima likufikie hata kama utaiacha barua hii kabla ya kuimaliza. Mtu yeyote akija hapo ulipo akasema ametumwa na mimi, usimfungulie. Hata akiwa mwanamke, hata akiwa na daftari na maneno matamu. Sababu nitakueleza. Simu yako haipatikani, hii ni wiki ya sita, ndiyo maana nakuandikia mtandaoni, mahali ambapo kila mtu anasoma, labda mtu akuonyeshe, na ndiyo maana sitataja ulikokwenda.

Unakumbuka tulivyokutana? Tulifika Kitaya na gari la shirika, watu wanne, kuwaonyesha vijana programu ya simu tuliyokuwa tunaitengeneza. Ilikuwa ya kumwambia kijana ni kituo gani atapimwa, atatibiwa magonjwa ya zinaa au atapata uzazi wa mpango bila kusimangwa. Mimi ndiye niliyeichora, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa nyumbani kwetu Mtawanya. Mtoto wa karani wa bandari, baba katokea Mbeya, mama mwalimu. Nilijihesabu mtu wa Mtwara kwa kuwa tu nimezaliwa hapa. Nikasimama mbele yenu nikasoma kwa madaha: "Pata huduma rafiki kwa vijana katika kituo kilicho karibu nawe." Ulicheka mpaka ukajifunika uso kwa kanga.

"Dada, mbona unaongea kama spika ya mkutano wa kijiji?"

Nilikuuliza jina, ukasema Rehema, jina langu mwenyewe. Nikapiga kelele mbele ya watu wote, "Somo!" na tangu siku ile hatukuitana vingine.

Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwa wiki tatu ulinifundisha kazi niliyodhani naijua. Ulisema wenzako wengi wanasoma kwa kupapasa, bora programu iongee. Ukaikataa alama ya moyo niliyoiweka, ukataka picha ya bibo, tunda la mkorosho, maana nani atashtuka akiona bibo kwenye simu ya mwanawe? Na sauti ikawa yako. Tuliirekodi ofisini ukiwa umejifunika blanketi gubigubi ili mwangwi usiingie, jasho linakutiririka, kila mara unachomoza kichwa kuuliza kama tumemaliza. "Nenda dirisha la pili," ulisema humo ndani. "Benchi la mbele usikae, ndipo anapokaa shangazi yako." Fundi wetu Baraka alicheka, tukalazimika kurudia.

Halafu, bila mtu kukuomba, ukasimulia yako. Jinsi ulivyougua kisonono, ukakaa nacho miezi miwili kwa woga, kisha ukaenda kituoni ukatibiwa na ukapona. Ukamalizia hivi: "Aliyeniambukiza simtaji. Ni mtu ambaye kwetu hata wazee wanatangulia kumsalimia." Ulipotoka kwenye blanketi uliniuliza, "Jina langu halimo?" Nikakuambia halimo. "Basi iacheni."

Jumamosi iliyofuata ulinipeleka shambani kwa mama yako, tukamsaidia palizi kwenye mikorosho. Mtu akaita kutoka mbali, mbali kabisa, sikuona hata majani yakitikisika. Mama yako hakuinua kichwa. "Huyo mama Sharifa," akasema. "Leo ana mafua." Nilistaajabu, nanyi mkastaajabia mshangao wangu. Ukanifundisha kuita: jina lote, silabi ya mwisho unaivuta mpaka pumzi iishe. Nilijaribu, sauti ikanikatika katikati ikageuka kikohozi.

"Huyu anaita kama ntu aliyekanyaga mwiba," mama yako akasema, na wewe ukaweka jembe chini ili ucheke vizuri.

Jioni yake niliyaandika hayo kwenye daftari langu kama kichekesho. Nilikuwa nimeonyeshwa kila kitu, somo, na sikuona kitu.

Programu ikatoka msimu wa korosho ulipoanza. Nikwambie nilichojivunia? Kwamba haihitaji mtandao. Kwenu mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe, kwa hiyo nilihakikisha sauti zinakaa ndani ya simu, na kijana mmoja anaweza kumrushia mwenzake, simu kwa simu, hata salio asiwe nalo. Ofisini walinipigia makofi. Wiki ya kwanza ilisambaa kuliko tulivyotarajia.

Ulinipigia mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unacheka, ila kicheko chenyewe kifupi: umepita bombani, msichana mmoja kakuambia, "Benchi la mbele usikae!" na wengine wakaangalia ndoo zao. Mara ya pili hukucheka. Wanawake walikuwa wananyamaza ukifika. Nikakujibu kwa ile sauti yangu ya spika, nikasema hakuna ushahidi wowote kuwa ni wewe, jina halimo, kijiji hakimo, picha haimo. Mara ya tatu uliongea kwa kunong'ona.

"Somo, leo ametangulia yeye kunisalimia."

Nikakuuliza nani, ingawa nilishajua.

"Kasimamisha pikipiki. Kaniambia, hujambo Rehema, una sauti nzuri. Kisha kaondoka."

Nilikuambia utulie. Nasema wazi hapa, watu wote wasome: ulinipigia ukiwa unaogopa, nami nikakuambia utulie kwa sababu nilikuwa naingia kwenye kikao. Kesho yake simu yako ikazimwa.

Nilikuja Kitaya. Mama yako alinikaribisha uani, hakunikaribisha ndani. "Hayupo," akasema, na alikuwa anaangalia barabara, haniangalii mimi. Nikaanza tena wimbo wangu wa jina halimo. Akanikatiza. "Jina! Nani hapa amewahi kumsoma mwanangu? Ntu anajulikana anavyoita." Ndipo nilipomkumbuka mama Sharifa na mafua yake. Nilirudi mjini.

Siku hiyo hiyo tuliifuta sauti yako kwetu. Baraka ndiye aliyenieleza, kwa upole ambao bado unaniuma, kwamba tumeifuta kwetu tu. Simu ambayo haijaingia mtandaoni haijui kama tumefuta, na simu za kwenu nilizitengenezea njia ya kuishi bila mtandao. Kwa hiyo bado unaongea. Hata sasa hivi ninavyoandika, mahali fulani kando ya Ruvuma unamwambia mtu aende dirisha la pili.

Kisha yakaanza maswali. Unakijua kile kisanduku cha kuuliza bila kujitambulisha, wewe ndiye uliyesema tukiweke cha kwanza kabisa. Likaja swali: "Dada anayeongea yuko wapi siku hizi?" Nikadhani ni msichana anayetaka kukushukuru, walikuwepo wengi wa namna hiyo. Baada ya siku nne: "Mama yake anasema hajui. Nyie mnajua?" Baada ya wiki: "Hata somo yake hajui?"

Nilimwendea Baraka nikamtaka anionyeshe swali limetoka simu gani. Akanitazama. "Haiwezekani. Wewe mwenyewe ulisema tuitengeneze isiwezekane." Ni kweli, nilisema. Nililipigania jambo hilo mpaka nikagombana na mkuu wangu. Siri yote niliyokuahidi wewe, somo, anaifaidi yeye. Na kama ni msichana wa watu anauliza kwa mapenzi tu, hilo nalo sitalijua. Wala sihitaji kujiuliza nani aliwaambia kwamba tunaitana somo. Ni mimi, nilipiga kelele mbele ya watu wote.

Juzi mama yako alinipigia. Nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke, sauti yake ilikuwa na uchangamfu.

"Ahsante, mwanangu. Yule ntu wako amefika. Mama mpole, ana daftari kama lako. Anasema mnampelekea Rehema dawa na nauli. Nimemwelekeza."

Nikamwambia, mama, sijamtuma mtu.

Nikasikia kuku wake. Kisha akanitajia mahali alipomwelekeza, mara mbili, polepole.

Nimekwishatoa taarifa panapostahili. Nimewaambia ofisini waifunge programu yote, wamesema watalijadili, nami sikusubiri wamalize kulijadili. Naogopa, somo. Naogopa kama sijawahi kuogopa, na aibu ninayo, lakini aibu nitaishughulikia baadaye. Mama yako anabaki nyumbani ili ukirudi umkute. Mimi naondoka leo asubuhi hii, nikishamaliza tu mstari wa mwisho. Yule mwanamke ana siku mbili mbele yangu.

Nikifika sitapita nyumba kwa nyumba nikiuliza, maana hivyo ndivyo atakavyofanya yeye. Nitasimama pembeni, niite jina letu kama ulivyonifundisha, lote, nikivuta silabi ya mwisho. Unajua litakavyotoka. Sauti itanikatika katikati na nitakohoa, na wewe utanitambua hata ukiwa umejifungia ndani. Hilo hakuna aliyelirekodi.

Akiita mtu vizuri, somo, usiitikie.

Ni mimi,
somo yako wa Mtawanya