Viungo vya Abdulnasiri

Chang'ombe,
Dodoma.

14 Agosti, 2025

Mpendwa kaka Abdulnasiri,

Assalaam alaikum, na shikamoo yako. Hujambo huko Bursa? Afya yako je, na kazi, na hiyo theluji uliyokuwa ukituringia? Nauliza kwa desturi tu, maana sijui hata kama karatasi hii itakufikia. Anwani nimeinakili kwenye boksi ulilotuma na blanketi la Mama mwaka juzi. Simu yako haipatikani, baruapepe zote zinarudi. Imebaki hii.

Sisi hatujambo, ila si wazima sana. Upepo wa Agosti umeshachacha, vumbi mpaka ndani ya sufuria, na Mama kifua kinambana. Amekonda, kaka. Nakuambia mapema ili usije ukasoma ukidhani nakuletea porojo.

Ya kazini kwanza, kwa sababu mkasa wote umeanzia huko. Bado niko kwenye ofisi ileile ya Kizota uliyoniacha, juu ya karakana ya wachomelea vyuma, na bado tunauhudumia ule mfumo wa kompyuta wa pampu za visima ulioujenga wewe. Mwongozo wake sasa uko mikononi mwangu. Unakumbuka ulivyouandika: kwetu maelezo mafupi, halafu "kwa undani bonyeza hapa", na mtu akibonyeza anapelekwa kwenye tovuti yako mwenyewe. Basi mwezi wa Juni tovuti yako ilizimika. Fundi yuko kisimani, pampu imegoma, kina mama wamepanga ndoo, anabonyeza, anaambiwa ukurasa haupo. Wamenipigia simu mpaka sikio limeota sugu.

Tena tuna bosi mpya, Octavian. Amepiga marufuku Kiingereza kwenye mwongozo, hata midomoni mwetu. Anayesema "linki" ananunua sukari ya chai ya ofisi nzima. Kwa hiyo sasa wote ni "kiungo" na "viungo", na Kiswahili hicho ndicho kilichotuponza.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani naongea kwa simu na Gladness, mwenzangu wa ofisini. Nilikuwa na hasira. Nikasema, tena kwa sauti: "Viungo vya Abdulnasiri vimekufa vyote, hakuna hata kimoja kinachofanya kazi!" Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikasikia ungo unaanguka.

Ya Rabi! Kabla sijakata simu alishafika barabarani bila viatu, analia kwamba mwanawe amepooza ugenini na sisi tumemficha. Kufika adhuhuri nyumba imejaa. Bibi Rukaya akaja mbio kutoka Zuzu na chupa ya mafuta ya habasoda aliyoyasomea mwenyewe, anataka kujua yatafikaje Uturuki na nani atakuchua mgongo. Ami Harithi akaketi kitako akaanza Yasini. Mimi nazunguka na maelezo yangu, nani wa kunisikiliza? Waliona nawapoza tu.

Walipoondoka ndipo nikamketisha Mama, nikafungua kompyuta, nikamwonyesha kwamba kiungo ni neno tu, ukilibonyeza linakupeleka ukurasa mwingine, na kwamba zilizokufa ni kurasa zako, si mikono wala miguu. Nilidhani atacheka. Akaniuliza, "Kwa hiyo mikono yake mizima?" Nikasema sijasikia vinginevyo. "Na mdomo?" Nikasema nao vilevile. "Basi mbona hapigi simu?"

Kaka, alilia kuliko mwanzo. Ulipokuwa umepooza ulikuwa na udhuru. Nilipokuponya mbele yake, alibaki na mtoto mzima wa afya asiyemtafuta. Naumia kila nikikumbuka, na sijui ningefanya nini kingine.

Tangu hapo jirani akimuuliza habari zako, anajibu kwamba mwanawe anaumwa viungo. Mara ya kwanza nilimkosoa mbele za watu, akanitupia jicho nisilotaka kuliona tena. Sasa namwacha aseme.

Huku nako Octavian akaniamuru nifute viungo vyote vilivyokufa kabla ya semina ya mafundi kule Hombolo. Simlaumu. Mwongozo unaomwacha mtu njia panda na pampu imegoma ni bora usiwepo. Lakini mkono ulikuwa mzito. Nikaingia kwenye hifadhi ya mtandao, ile inayotunza nakala za kurasa za zamani, nikazikuta nyingi za kwako zimo. Nimehangaika nazo mmoja mmoja, nikielekeza viungo kwenye nakala hizo. Ila ukurasa wa kutoa hewa kwenye bomba hakuna aliyeuhifadhi. Nimeuandika upya kwa akili zangu na sina uhakika kama nimepatia. Ungekuwepo ungenicheka, kisha ungenisahihishia.

Siku moja Mama alinikuta nasoma nakala mojawapo, akauliza umeandika nini. Nikamsomea: "Fundi, pole na jua. Kabla hujagusa kitu funga valvu, kaa kivulini kidogo, maji hayakukimbii." Akasema, "Huyo ndiye mwanangu." Sasa kila tukimaliza kuswali alasiri ananiambia nifungue, nimsomee. Mama yetu anajua kubadilisha mpira wa pampu, naye hajawahi kuishika pampu maishani mwake.

Tuna programu ofisini inayopita kwenye viungo vyote na kuandika kila ukurasa umekutwaje: umehama, haupo, au haujibu. Mama alitaka kujua tofauti yake. Nikamweleza kwamba uliohama umeacha maelekezo, usiokuwepo umefutwa, na usiojibu hatujui una nini, inabidi kujaribu tena baadaye. Akauliza wewe uko kundi gani. Nikamwambia hujibu. "Basi usimfute," akasema, akajifunika khanga usoni.

Kwa hiyo najaribu tena. Nimekukasirikia, sikufichi, na siku ukipiga simu nitakutukana kwanza kabla sijalia. Lakini kama kuna jambo limekusibu, kazi imekwisha, umeshikwa kwa sababu ya vibali, umeoa huko na unaona haya, lolote lile, sema. Hakuna hapa atakayekuweka kikaangoni. Kama umehama, acha maelekezo. Andika neno moja tu ninaloweza kumsomea Mama lisilokuwa la pampu.

Ami Harithi anakusalimu, bado anakutia kwenye dua zake kila swala. Gladness naye anakusalimu, ingawa hakujui ila kwa maandishi. Bibi Rukaya anakusalimu sana na anauliza miguu inaendeleaje. Nimechoka kumweleza.

Mama nilimwambia nafunga bahasha, kama ana salamu aseme. Alikwenda kabatini, akaitoa ile chupa ya mafuta ya habasoda, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akaiweka hapa mezani mbele yangu. Anajua huumwi, kaka, tulishalimaliza hilo. Akaniuliza kama itaenea kwenye bahasha.

Mola akuhifadhi popote ulipo, na aufungue mdomo wako.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,

Yusra