Kisima cha Bi Mwamvita Kilichonukia Ubani

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti chini maana ni siku nyingi. Goti lako linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua unaitumia wewe, humpi kila jirani anayelalamika mgongo. Mimi mzima kabisa, nimenenepa hata. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize: nikianza habari, unauliza nimekula nini. Basi nakujibu hapa hapa: nimekula samaki mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, nimeshiba. Mdogo wangu Asha akusomee polepole, asiruke mahali.

Mara ya mwisho uliniuliza kama kweli kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kutazama maji. Yupo, ni mwanao. Watu wanatuletea maji maabara, tunayamimina kwenye kichupa cha kioo, tunakifuta kwa kitambaa laini mpaka alama za vidole zitoke, kisha tunakitia kwenye mashine ndogo inayopitisha mwanga. Maji yakiwa na vumbi, hata lile ambalo jicho halilioni, mwanga unatawanyika na mashine inasema. Masika haya, mito inavyomwaga udongo mwekundu ziwani, hatupumziki. Na kazi hii naijua, Mama, nakwambia bila haya.

Sasa nikupe yaliyonikuta. Unamkumbuka Bi Mwamvita, mwenye nyumba wangu, yule uliyemsalimia kwenye simu mkaelewana kama mliolelewa pamoja. Tangu mumewe afariki, mama wa watu alikuwa akijinyima ili achimbe kisima kando ya nyumba, kiwe sadaka ya marehemu, majirani wachote bure. Kisima kikachimbwa, pampu ikafungwa, akaambiwa hakifunguliwi mpaka maji yapimwe. Kikikataa kinafungwa, naye hana tena uwezo wa kuchimba kingine. Nilimpa chupa yetu safi, akataka akinge maji kwa mkono wake mwenyewe, nikamkubalia. Ila kwa kuwa nakula kwake, nilikataa kuyapima mimi, asije mtu akasema nimembeba. Nikampa mwenzangu Bukuru.

Bukuru ni Muha wa Kasulu, mpole, lakini kwenye kazi hapindiki. Alinifuata nikiwa naosha vyombo vya maabara akasema, "Dada, kisima cha bibi yako kimegoma. Maji yana ukungu. Nimerudia, jibu ni lile lile."

Nilimwona Bi Mwamvita machoni pangu, na ile pampu aliyoifunika kanga isipate vumbi. Nikaenda kuitazama chupa. Maji yalikuwa na weupe wa mbali, kama maji ya kusuuzia bakuli la tui. Nikafungua kifuniko.

Mama, ilinukia mtungi wako. Ubani. Nilisimama pale na koti langu jeupe, machozi yananilengalenga, Bukuru ananiuliza kama maji yana sumu. Nikamwambia hayana sumu, chupa imefukizwa. Hakuelewa, maana kwao hawafukizi vyombo vya maji. Nikamweleza kwamba kwetu Pangani, na kwa wazee wa Ujiji ambao asili yao ni pwani, chombo cha maji ya mgeni kinafunikwa kwanza juu ya chetezo chenye makaa na ubani, na moshi ulioganda ndani ya chupa ndio ukungu wenyewe.

Alifikiri kidogo. "Nakuamini, dada. Ila siwezi kuandika kwamba nimekuamini. Twende tukakinge wenyewe."

Alikuwa na haki. Kumwambia Bi Mwamvita ndiko kulikuwa kazi. Nilimkuta barazani anapeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha hasira zake zikahamia kwenye ungo.

"Yaani niwapelekee watu wa serikali maji kwenye chombo kitupu, kama nanywesha punda?"

"Bibi, mashine haijui heshima. Ikiona moshi inasema uchafu."

"Marehemu hakuwahi kunywa kikombe nisichokifukiza. Na maji haya ni yake."

Nikakaa chini, nikamwambia ni yake kweli, lakini watakaokunywa ni majirani, nao watakuja na ndoo zao zilivyo. Tuyajue maji yakiwa peke yake. Akaweka ungo chini, akauliza, "Na yakikataa yakiwa peke yake?"

Sikumdanganya. Nilimwambia yakikataa nitakuja kumwambia mimi, hatasikia kwa mtu mwingine. Akainuka, akaenda kuitoa ile kanga kwenye pampu.

Bukuru alikinga, Bukuru akapima, mimi nimesimama nyuma yake sijui hata mikono niiweke wapi. Maji yalikuwa safi, Mama, safi kuliko ya bomba letu la kazini. Vipimo vingine navyo vikatoka vizuri. Siku ya kufungua ilisomwa dua, majirani wakajaa na ndoo, na Bi Mwamvita akakinga kikombe cha kwanza, akanipa mimi. Alikuwa amekifukiza. Akanitazama kama anayesema, haya, kapime na hiki.

Najua unataka nirudi, unasema huku sina mtu. Ninaye, na kazi ninaiweza. Likizo nitakuja, lakini nitakuja kukuona, si kuhama. Usinune.

Nisalimie Mjomba Sefu, mwambie sanduku alilonichongea bado halijalegea hata msumari. Nisalimie na Shangazi Mwanaidi wa genge la mboga, na Asha msomaji wetu. Bi Mwamvita anakusalimu sana.

Ile chupa ya kwanza ilipaswa kuoshwa irudi kabatini. Nimewanunulia maabara nyingine, hii nimebaki nayo chumbani. Nikikukumbuka naifungua kifuniko. Sasa harufu imeanza kwisha, kwa hiyo nikija nikute mtungi umefukizwa. Nitakunywa tu, sitapima.

Mwanao anayelipwa kwa kutazama maji,
Zaituni